Gemu za mapigano zinalipa kibandani, ligini bado ni hesabu ya mdomo

Vibanda vya gemu vya barabara ya kusini, kuanzia Mbagala hadi Kibiti na kukata kona Bungu kushuka Nyamisati, vinaishi kwa aina mbili za gemu: mpira na mapigano. Mpira ndio unaojaza watu mlangoni. Mapigano ndiyo yanayozungusha sarafu. Sasa kumekuwa na maneno mengi kwamba vijana wanaopigana Tekken kwenye vibanda hivi ni mtaji wa ligi ya kulipwa, na kwamba Tanzania inachelewa. Wenye vibanda na wenye viti vya ofisi hawalioni jambo hili kwa jicho moja, na kwa tulivyolipima, wenye vibanda wana hoja nzito zaidi.

Mfanyabiashara mmoja wa Nyamisati, mwenye kibanda si mbali na gati, anaeleza biashara yake hivi. Wateja wake ni abiria wanaosubiri chombo cha kwenda Kilindoni, vijana wa bodaboda, na wavuvi wa kaa na kamba waliokwisha kuuza mzigo. Sheria ni ile ile ya kila kibanda: aliyepigwa analipa na kupisha. Pambano la Tekken ni la kuwahi raundi tatu, na raundi haizidi dakika moja. Kwa hiyo baada ya dakika tatu au nne pedi imeshabadilisha mikono na mia mbili nyingine imeingia kwenye kopo. Mechi ya mpira analipisha mia tano, lakini inakula robo saa, na huwa na ubishi wa penalti katikati. Ukiamini hesabu yake, saa moja ya mapigano inaleta kama 3,000, na ya mpira 2,000. Yeye mwenyewe anakiri kwamba mpira unamletea watu wa soda na maji, kwa hiyo hawezi kuuacha.

Malalamiko yake makubwa si ligi. Ni pedi. Ukizishika pedi zake utaona alama za vitufe vya duara na msalaba zimefutika kabisa, vimebaki vyeupe kama kete, wakati vitufe vingine bado vina rangi. Hiyo ni kazi ya wapenzi wa Eddy Gordo, yule mcheza capoeira aliyeingia na Tekken 3 mwishoni mwa miaka ya 1990, ambaye hata asiyejua kitu anaweza kumchezesha kwa kubonyeza hovyo vitufe viwili vya mateke. Pedi ya mpira, anasema, inakaa. Ya mapigano inakufa mapema, na anayoagiza Kariakoo kuchukua nafasi yake mara nyingi ni feki inayokuja na ugonjwa wake. Ongeza chumvi ya bahari inayokula feni na waya za mashine. Ukitoa hayo, ile faida ya elfu moja kwa saa juu ya mpira inapungua sana, ingawa hakuwa na daftari la kutuonyesha inapungua kiasi gani.

Kero ya pili ni ushuru. Anadai kila akija mkaguzi mpya huanza kwa kumwekea kibanda chake kwenye fungu moja na mashine za dubwi, zile za kubahatisha zinazomeza sarafu hiyo hiyo ya mia mbili, na humlazimu kueleza upya kwamba kwake hakuna anayeshinda hela. Halafu kuna suala la wanafunzi. Serikali za mitaa huvifunga vibanda saa za masomo, na hilo hata yeye halipingi sana, ila anasema anayefungiwa ni yeye huku dubwi likiendelea kumeza sarafu. Tuliposikia upande wa pili tuliambiwa sheria ni moja kwa wote. Inawezekana. Kwa macho ya mpita njia, haionekani hivyo.

Umeme anautaja kwa kicheko. Bwawa kubwa la megawati 2,115 liko juu kwenye mto Rufiji wa hapa jirani, na mitambo yake ilianza kuzalisha mwaka 2024. Kibandani LUKU bado inahesabiwa kwa uniti, na umeme ukikatika katikati ya pambano, hela inarudishwa.

Ofisa mmoja anayefuatilia masuala ya vijana katika Mkoa wa Pwani ana picha nyingine kabisa. Kwake gemu ni sekta yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 180 kwa mwaka duniani, na kijana wa Kibiti ana haki ya kipande chake. Takwimu hiyo aliirudia mara kadhaa, na kwa kweli haiko mbali na makadirio ya wachambuzi wa soko. Tatizo ni kwamba inahesabu kitu kingine. Hizo ni fedha ambazo watu wanatumia kununua gemu na vikorombwezo vyake, sehemu kubwa kwenye simu, na huingia kwenye mifuko ya watengenezaji. Mapato ya mashindano yenyewe, yaani udhamini, haki za matangazo na viingilio, yamekuwa yakikadiriwa kwa bilioni moja na kitu tu. Tulipomuuliza ni sehemu gani ya fedha hizo imeshawahi kufika Pwani, alisema mchakato wa kukusanya taarifa unaendelea. Katika ukurasa huu tumeshasikia michakato mingi.

Hata huko duniani, ligi za gemu hazijawa shamba la mavuno ya uhakika. Ligi moja ya Marekani ya gemu ya kufyatuliana risasi ilianza mwaka 2018 ikiuza nafasi ya timu kwa dola milioni 20, na kufika 2023 ilikuwa imekwisha. Gemu za mapigano hazikupita njia hiyo. Zilikua kupitia mashindano ya wazi, ambapo yeyote mwenye kiingilio anakaa kwenye kiti na kupangiwa mpinzani, awe bingwa au muuza duka. Evo, mashindano makubwa kuliko yote ya aina hii, yalianza kwa jina jingine huko California mwaka 1996, na mwaka 2023 kule Las Vegas gemu ya Street Fighter 6 peke yake iliandikisha watu zaidi ya 7,000. Kwa fedha, mapigano ni mdogo wa aina nyingine za gemu. Mashindano makuu ya Dota 2, gemu ya timu, ya mwaka 2021 yaligawa zaidi ya dola milioni 40, ilhali mwaka 2024, Street Fighter ilipompa bingwa wake dola milioni moja, dunia nzima ya mapigano ilisimama kushangaa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mapigano yanalizidi kundi zima, nalo ni mtazamaji. Dota inahitaji mtu wa kukueleza nini kinaendelea. Tekken haihitaji. Mistari miwili ya uhai juu ya kioo, ukipigwa wako unapungua, ukiisha umekwisha. Mama muuza chapati anayechungulia dirishani anajua nani anapigwa. Mdhamini anayetafuta macho ya watu hapati bidhaa rahisi kuliko hiyo. Na umri hauzuii: kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou mwaka 2023, medali ya dhahabu ya Street Fighter V ilichukuliwa na Mkorea wa miaka 44.

Vijana wanaotaka ligi hupenda kutaja Pakistani, na wana haki. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, aliyekulia kwenye kumbi za mashine za sarafu ambazo hazijatofautiana sana na vibanda vyetu, alishinda Tekken 7 kwenye Evo ya Japani kisha ile ya Las Vegas, baada ya safari iliyojaa vikwazo vya viza na ndege. Wakubwa wa gemu walikuwa hawajamsikia. Karibu zaidi na nyumbani, binti mmoja wa Nairobi, wakati huo mwanafunzi wa sheria, alisajiliwa na timu ya Marekani kwa sababu ya Tekken. Kinachosahaulika katika simulizi hizi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetokana na ligi. Walitokana na kupigana kila siku na watu wagumu, kisha tiketi ya ndege.

Anayetaka kubisha ana mfano wa Japani. Huko ligi ya Street Fighter inaendeshwa kwa timu, nyumbani na ugenini. Mechi mbili za kwanza zina pointi 10 kila moja na ile ya mwisho ina 20, kwa hiyo timu inaweza kufufuka mwishoni. Imedumu, na watu wanaitazama. Lakini mwenye gemu ndiye mwenye ligi, na hapo ndipo penye mfupa. Mpira wa uwanjani hauna mwenyewe. Ukitaka kuanzisha kombe la mbuzi Nyamisati, unatafuta mbuzi tu. Tekken ina mwenyewe, na mwenyewe yuko Tokyo. Mwaka 2022 mtengenezaji mmoja wa Kijapani alitoa masharti kwamba shindano lenye zawadi inayozidi dola 2,000 liombe leseni ya kibiashara, na kelele zikawa nyingi. Sasa fikiria mashine zenye chipu na diski za kunakili zinazoendesha vibanda vya pwani yote. Ligi ya kulipwa haiwezi kusimama juu ya diski hizo, na hakuna ofisa aliyekuwa tayari kuligusa jambo hili.

Kuna pia pengo la matoleo. Vibandani bado Tekken 5 na 6 ndizo zinazotawala. Ligi yoyote ya leo itachezwa kwa Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, kwenye mashine inayozidi shilingi milioni moja kabla hujanunua gemu yenyewe. Kununua mtandaoni kuna mzunguko wake, maana Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za duka la mashine hiyo na vijana hufungua akaunti za nchi nyingine. Kucheza mtandaoni ni mtihani mwingine. Gemu hizi hupiga fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, na pigo jingine linahitaji kuzuiwa ndani ya fremu chache. Kwa bando la simu kutoka ukingoni mwa mikoko, ngumi inafika kabla hujaiona. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, hata hilo bando halikuwa na maana.

Tulipomweleza mfanyabiashara wetu habari ya ratiba ya ligi, mechi kila Jumamosi, aliuliza nani ataipanga. Fedha za Nyamisati hufuata maji. Bamvua likiingia wavuvi wa kaa wako kazini, na wakirudi wana hela ya kutumia. Maji mafu yakija kibanda kinapwaya na vijana wanacheza kwa mkopo. Mashindano ya siku moja, yanayopangwa kwa mwezi mwandamo, anasema yangejaza, na amewahi kuyafanya kwa kiingilio cha elfu moja na zawadi ya kuku. Ligi ya miezi sita haoni.

Kwa miaka michache ijayo, basi, dalili ni za mashindano ya wazi mijini, Dar es Salaam kwanza, yakiokota kijana mmoja mmoja kutoka vibandani, endapo wadhamini watavumilia suala la leseni. Yanaweza pia yasitokee. Ofisa anasema mwongozo wa sekta uko njiani. Mwenye kibanda anafikiria kuuza mashine moja anunue friza la kamba, ila atangoja kwanza aone bei ya pedi Kariakoo.