Mkate Usio na Ngano Tunao Siku Zote

Maneno yanayonichosha kuliko yote kwenye sherehe za chuo ni "onja kidogo tu". Yanasemwa kwa upendo, najua. Kwetu sisi kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa yeye mwenyewe. Sasa mimi nina ugonjwa wa siliaki, na hicho "kidogo" cha keki ya ngano kinatosha kunilaza na kunikosesha vipindi. Si maringo, wala sijaanza uzungu baada ya boom kutoka.

Kwanza tuelewane. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye siliaki akiila, kinga yake ya mwili huugeukia utumbo wake mwembamba na kuuharibu, hadi chakula hakifyonzwi vizuri. Matokeo yake ni tumbo kujaa, kuharisha, uchovu na upungufu wa damu. Aliyeonyesha kwamba chanzo ni ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano mapema, na wakati wa njaa ya 1944–45, mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa huo walipata nafuu. Hadi leo tiba ni ileile: usile gluteni, maisha yako yote.

Ila si kila tumbo linalouma lina siliaki. Mtu ambaye maziwa humletea gesi na kuharisha huenda mwili wake hautoi kimeng'enya cha kutosha cha kumeng'enya sukari ya maziwa. Anateseka, lakini hafi. Mwenye mzio wa karanga ni habari nyingine kabisa: koo linaweza kuvimba na pumzi ikakata ndani ya dakika chache. Huyo hangoji chai ya tangawizi, anakimbizwa hospitali achomwe adrenalini. Na kama unajishuku una siliaki, usiache ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili wanaopigana na gluteni. Ukiiacha mapema wanapungua, na majibu yanaweza kukudanganya.

Haya, tuingie jikoni. Wengi wakisikia "keki isiyo na ngano" wanawaza pakiti za bei mbaya za supamaketi, wakati watu wa Pwani wanaoka mkate wa kumimina miaka yote. Mimi naupika hivi: vikombe 2 vya mchele nalowesha usiku kucha. Asubuhi namwaga maji, nausaga kwenye blenda na kikombe 1½ cha tui zito hadi uwe laini kabisa, kisha naongeza robo tatu kikombe ya sukari, nusu kijiko cha chai cha iliki na kijiko 1 cha chai cha hamira. Nafunika hadi uumuke, kama saa moja hivi kwa joto la Dar. Namimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto, halafu makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ukichoma kijiti kikatoka kikavu, umeiva.

Kwa nini unakubali? Unga wa ngano hukandwa ili gluteni ijenge wavu wa kunasa hewa ya hamira. Mchele hauna wavu huo, kwa hiyo ukiukanda kama maandazi utapata tofali. Ndiyo maana unamiminwa ukiwa mzito kama uji, na wanga wake ukiiva hugandia kwenye viputo vya hewa vikabaki humo. Wapo wanaotia ute wa yai, mimi situmii na hauharibiki. Basi mkate mmoja unawafaa wasiokula ngano, maziwa ya ng'ombe, mayai au karanga. Mwenye mzio wa nazi, yupo pia, muulize.

Kazi ngumu iko nje ya sufuria. Nasaga mchele mwenyewe kwa sababu mashine ya mtaani ilikosaga ngano ya mteja aliyenitangulia hubaki na unga wake. Kwa kipimo cha kimataifa cha Codex, chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja. Hiyo ni vumbi tu! Moto nao hauiui gluteni. Chipsi ni viazi, lakini zikipita kwenye mafuta yaliyokaangia sambusa, kwangu si viazi tena. Unga wa lishe ndio usiseme: mara nyingi umechanganywa karanga, soya, hata ngano, na mfuko hauna maandishi yoyote.

Kwa hiyo mwanachuo mwenzangu, ukialika watu geto, huna haja ya kujifunza mapishi mapya. Andika kwenye karatasi vitu vyote ulivyotia, hata vile unavyoviona vidogo, uibandike karibu na sahani. Osha blenda, mwiko na mikono kwa sabuni na maji, maana kitakasa mikono hakiondoi protini ya karanga. Kisu cha kukatia keki ya ngano kisiguse mkate wa mchele. Na mtu akikuuliza "umekaangia nini?", mjibu ukweli. Kama hujui, sema "sijui". Jibu hilo halinifukuzi kwenye sherehe yako. Nitakaa, nitacheza muziki, na nitakula mkate niliokuja nao. Nawe karibu uuonje, hata vipande viwili.