Polo ya majini: hoja ya kiwango iliyowachelewesha wanawake

Wanaume walianza kucheza polo ya majini katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1900 jijini Paris. Wanawake walikaribishwa Sydney mwaka 2000, karne nzima baadaye. Pengo kama hilo huelezwa kwa hoja iliyozoeleka: eti timu za wanawake zilikuwa chache, kiwango kilikuwa duni, basi ilibidi mchezo ukomae kwanza ndipo ufunguliwe mlango. Hoja hiyo inasikika ya busara, lakini historia ya mchezo wenyewe inaikataa. Hao wanaume wa mwaka 1900 waliocheza Paris walikuwa timu za klabu, si timu teule za taifa, na Waingereza wa klabu ya Osborne ndio waliotwaa ubingwa. Miaka minne baadaye, St. Louis, klabu zilizoshindana zote zilikuwa za Marekani. Kama kiwango na wingi wa mataifa vingekuwa ndiyo mizani, polo ya wanaume ingeondolewa siku hiyohiyo. Haikuondolewa, mwaka 1908 ilichezwa tena London, na ikapewa muda wa kukua ikiwa ndani ya Olimpiki.

Wanawake walitakiwa kukua wakiwa nje, na walikua. Mwaka 1979 Kombe la Dunia lilichezwa Merced, California, na Marekani ikashinda. Mwaka 1985 Ulaya ilikuwa na ubingwa wake, Oslo, ambako Uholanzi iliibuka ya kwanza. Mwaka 1986 polo ya wanawake iliingia rasmi katika Mashindano ya Dunia ya michezo ya majini, Madrid, na hapo ndipo ushahidi unapokuwa mzito. Kabla ya Sydney mashindano hayo yalifanyika mara nne, na kila mara bingwa alikuwa mpya: Australia, Uholanzi (1991), Hungaria (1994) na Italia (1998). Katika mashindano hayohayo manne, wanaume walikuwa na mabingwa watatu tu, kwa kuwa Yugoslavia ilishinda mara mbili. Kwa hiyo ushindani ulikuwapo, tena wa kutosha, miaka mingi kabla ya wakuu wa Olimpiki kuutambua. Mlango ulifunguka baada ya wachezaji wa Australia kupiga kelele hadharani, wakiona aibu ya nchi yao kuandaa Olimpiki huku timu yake, iliyowahi kuwa bingwa wa dunia, ikikaa jukwaani. Walipopewa nafasi, fainali yao dhidi ya Marekani iliamuliwa kwa bao la Yvette Higgins zikiwa zimesalia sekunde 1.3, na Australia ikashinda 4–3. Sijui ushindani wa aina gani zaidi ungetakiwa.

Wapo wanaosema kuwa baadaye Marekani iliuua mchezo, kwa kuchukua dhahabu ya 2012, ya 2016 na ile ya Tokyo, ambako fainali dhidi ya Hispania iliisha 14–5. Ni kweli, ukubwa huo ulichosha. Lakini wanaume wa Hungaria nao walichukua dhahabu tatu mfululizo, 2000, 2004 na 2008, na sifa waliyopata ni ya umahiri. Ubabe wa Marekani una chanzo kinachojulikana: sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu ilivilazimisha vyuo kuwekeza katika michezo ya wasichana, na tangu 2001 vyuo hivyo vina ubingwa wao wa kitaifa wa polo. Wengine walipowekeza, pengo lilipungua. Paris 2024, Hispania ndiyo iliyovaa dhahabu, na Marekani ilifungwa na Uholanzi 11–10 katika mechi ya shaba.

Pingamizi linalostahili heshima zaidi linahusu bara letu. Tokyo, Afrika Kusini ilifungwa 29–4 na Hispania, kisha 33–1 na Uholanzi. Mtu anaweza kuuliza: hiyo ni fursa au ni kudhalilishwa? Naamini ni fursa, ila isiyokamilika. Timu isiyokutana na Uholanzi mwaka hadi mwaka haiwezi kujifunza kuizuia kwa siku moja ya Olimpiki; inahitaji mabwawa yenye kina, makocha na mechi ngumu za mara kwa mara. Paris hapakuwa na timu yoyote ya wanawake kutoka Afrika, kwa hiyo hata hilo somo chungu lilikatizwa. Wanawake walianza na timu 6 Sydney, wakafika 8, kisha 10, na Los Angeles 2028 watakuwa 12, sawa na wanaume kwa mara ya kwanza. Mashirikisho ya Afrika yanapaswa kuipigania nafasi katika idadi hiyo na kuanza kuitafutia timu mechi sasa, kabla ya tiketi kugawiwa.