Bango la Kampeni Mwaloni: Ubunifu wa Mabango ya Uchaguzi katika Kisiwa cha Goziba

Utangulizi

Bango la kampeni ni chombo cha mawasiliano kinachoendelea kusema baada ya mgombea kuondoka. Katika Goziba, kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba, mkoani Kagera, sifa hiyo ina uzito wa pekee. Safari ya kufika huko hutegemea chombo cha majini, mafuta na hali ya ziwa. Hivyo mgombea wa ubunge huenda akafika mara moja tu katika kipindi chote cha kampeni. Makala haya yanafafanua namna bango linavyoweza kubuniwa likafaa mazingira hayo. Hoja kuu ni kwamba ubunifu uanze na mahali alipo msomaji, si na karatasi iliyopo kwa mchapishaji.

Msomaji na mahali pake

Nchini Marekani, vibao vya kampeni huchomekwa mbele ya nyumba za wafuasi. Donald Green na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walifanya majaribio manne na kukadiria kuwa vibao hivyo humwongezea mgombea wastani wa pointi 1.7 za asilimia. Ongezeko hilo ni dogo, lakini katika uchaguzi wa diwani, ambapo kura chache huweza kuamua mshindi, si la kupuuzwa.

Mfano huo hauhamishiki kama ulivyo. Katika vijiji vya Bukoba nyumba huzungukwa na kibanja cha migomba, na kibao huweza kusimama njia ya kuingilia. Kisiwani makazi ya wavuvi hubanana karibu na maji, na mwalo ndio uwanja wa wote. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa mwanga wa taa na kurudi alfajiri. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, wengi hupumzika. Kwa hiyo, msomaji wa kwanza wa bango ni mtu aliyechoka, anayetazama nchi kavu kutoka mtumbwini. Siku za mbalamwezi, watu wanapokuwa wengi nchi kavu, ndizo zinazofaa kwa mikutano na kwa kukarabati mabango.

Ukubwa na malighafi

Kanuni inayotumiwa na wachora mabango ni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3. Mtumbwi ukiwa mita 30 kutoka ufukweni, herufi zinahitaji kimo cha sentimita 25. Jina la herufi nane kwa kimo hicho hudai upana wa takribani mita moja na nusu. Karatasi ya A3, yenye sentimita 29.7 kwa 42, haiwezi kulibeba. Inafaa ukutani mwa duka au mgahawa, ambapo msomaji husimama karibu.

Kampeni za uchaguzi mkuu hufikia kilele mwezi Oktoba, wakati wa mvua za vuli. Karatasi iliyogundishwa kwenye bati hubanduka upesi. Ubao uliopakwa rangi ya mafuta hudumu zaidi. Turubai nalo litobolewe matundu machache ili upepo wa ziwa upite bila kulichana.

Yaliyomo

Mpiga kura huchagua rais, mbunge na diwani siku moja, na karatasi ya kura huonesha picha, jina, chama na alama. Umuhimu wa alama una historia ndefu: katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU katika jimbo walitofautishwa kwa jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Bango linapaswa kumwandaa mpiga kura kwa karatasi hiyo: jina liandikwe kama litakavyoonekana kwenye kura, picha ifanane na ya kwenye kura, alama ya chama iwe kubwa, na nafasi itajwe wazi, mathalani “Udiwani, Kata ya Goziba”. Bango la diwani likijaa picha za viongozi wa kitaifa, jina lake humezwa na rangi za chama.

Mipaka ya kisheria

Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyofutwa kwa sheria mpya ya mwaka 2024, ilikataza kuonesha alama za kuunga mkono mgombea ndani ya mita 200 kutoka kituoni siku ya kupiga kura. Katika makazi yaliyobanana, umbali huo huweza kuufikia mwalo wenyewe. Ni busara, basi, bango lifungwe kwa namna itakayoruhusu kuliondoa haraka.

Hitimisho

Diwani ndiye anayebeba sauti ya kisiwa katika baraza la madiwani, ambalo hukutana nchi kavu, mbali na mwalo. Mpiga kura asiyeweza kumtofautisha mgombea mmoja na mwingine hukabidhi sauti hiyo bila kujua amempa nani. Bango lililobuniwa vizuri halimwamulii. Humwezesha kumtambua mtu anayemchagua.