Kuhifadhi Meli Inayofanya Kazi: Historia ya Liemba katika Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, na kujadili maana ya kuhifadhi chombo ambacho wananchi wamekitegemea kwa usafiri wa kila siku. Hoja kuu ni kwamba jina la meli, pamoja na maarifa na msamiati wa walioifanyia kazi, ni sehemu ya urithi sawa na mabati yake ya chuma.

1.0 Utangulizi

Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa takribani kilomita 670, limezungukwa na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Katika mwambao wake vipo vijiji visivyofikika kwa urahisi kwa barabara. Kwa wakazi wa vijiji hivyo, Liemba ilikuwa njia ya kufika sokoni na hospitalini, hata kabla haijawa kivutio cha watalii.

2.0 Kutoka Papenburg hadi Kigoma

Meli hii iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, kisha ikafumuliwa na kupakiwa katika maelfu ya masanduku. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapelekwa bara kwa reli na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1915 ilishushwa majini ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani, wakiwa wanarudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, waliikuta mitambo hiyo ikiwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini.

3.0 Jina kama ushahidi

Jina la kwanza lilimtukuza Gustav Adolf von Götzen, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Jina la pili, Liemba, ni la ziwa lenyewe, kama Livingstone alivyolisikia alipofika ncha ya kusini mwaka 1867. Hata hivyo, tusiharakishe kuliita jina hili ukombozi, kwani aliyelichagua alikuwa mtawala mwingine. Neno ni la wenyeji, ilhali uamuzi wa kulitumia ulikuwa wa wakoloni. Maelezo ya makumbusho yanayotaja jina bila historia hiyo yatampotosha msomaji.

4.0 Kihifadhiwe nini?

Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ya dizeli. Anayetafuta uhalisi anaweza kuuliza kama hii bado ni meli ileile. Lakini mabadiliko hayo ndiyo yaliyoiwezesha kuendelea na kazi, na mwaka 1997 ikawarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa chombo cha namna hii, kubadilisha kipuri si kosa. Kosa ni kukitupa bila kuandika kilikuwa nini na kilifanya kazi gani.

Aidha, katika vituo vingi hakuna gati. Meli husimama majini, mitumbwi ikaifuata, na abiria pamoja na magunia ya dagaa wakapandishwa huku mawimbi yakipiga. Kazi hiyo ina lugha yake: namna ya kuita mtumbwi, kuhesabu mizigo na kuonyana hatari. Michoro ya kiwanda haioneshi hayo. Meli inapokaa miaka mingi bila kusafiri, kama ilivyotokea kwa Liemba, mabaharia hutawanyika na msamiati huo hupotea kabla chuma hakijashika kutu.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kila ukarabati uambatane na kumbukumbu za picha na maandishi kuhusu vipuri vinavyoondolewa, na kwamba vilivyo muhimu vitunzwe Kigoma. Pili, vyuo vikuu vya nchi nne za ziwa vishirikiane kuwahoji mabaharia wastaafu, wapagazi na wenye mitumbwi, kwa Kiswahili na kwa lugha za mwambao. Bajeti ya kazi hii ya pili ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kukarabati meli, lakini muda wake ni mfupi zaidi: chuma huweza kuopolewa baada ya miaka minane ziwani, ilhali mzee akiondoka na maneno yake hakuna wa kuyaopoa.