Pumu ya watoto: ziara za jirani zinaweza kumukinga mutoto asirudi hospitali

Saa nane ya usiku mutoto anaanza kukohoa. Kifua kinalia kama filimbi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Wazazi wanamukimbiza hospitali. Anapewa dawa, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Miezi michache kisha, shida inaanza upya.

Katika muji wa St. Louis, jimbo la Missouri huko Marekani, watafiti walitafuta namna ya kukata muzunguko huo. Walifuata familia za Wamarekani weusi zenye kipato kidogo, ambazo watoto wao wa miaka 2 hadi 8 walikuwa wamelazwa juu ya pumu, ugonjwa ambao wengi wanauita asme.

Nchini Marekani, watoto weusi wanapatwa na pumu kuliko watoto weupe, na wanakufa nayo zaidi. Familia nyingi zinaishi karibu na barabara kubwa zenye moshi wa magari, au katika nyumba za zamani zenye unyevu na mende.

Watoto 189 waligawanywa kwa kura katika vikundi viwili. Wote waliendelea na matunzo ya kawaida. Lakini wazazi wa watoto 96 walipewa mushauri pia: mutu wa jamii aliyefundishwa mambo ya pumu. Aliwatembelea nyumbani na kuwapigia simu. Kwa miaka 2, muzazi alizungumuza na mushauri karibu mara 21 kwa wastani.

Mushauri hakuja kutoa amri. Alianza na jambo ambalo muzazi mwenyewe alikuwa tayari kubadilisha: kuzuia moshi wa sigara nyumbani, kupiga vita mende, kurudi kwa muganga kabla ya hatari, au kufuata dawa vizuri.

Hapo kwenye dawa ndipo familia nyingi zinaangukia, si Marekani tu. Kuna dawa inayofungua kifua haraka wakati wa shida. Kuna ingine inayotuliza uvimbe katika njia za hewa. Mutoto aliyeandikiwa hiyo anapaswa kuitumia kila siku, hata akiwa anacheza vizuri. Akionekana amepona, wazazi wengi wanaiacha. Muganga anaeleza hayo kwa dakika chache tu. Jirani anaweza kurudi juma lijalo kuuliza.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kati ya watoto 96 ambao wazazi wao walisindikizwa, 35 walilazwa tena ndani ya miaka 2. Kati ya wale wengine 93, walilazwa 55. Ushauri haukuondoa pumu, lakini ulipunguza safari za usiku.

Mashariki mwa Congo, watoto wengi wanavuta moshi wa makala na kuni jikoni, na mavumbi ya barabara. Lakini njia ya nyumba kwa nyumba si ngeni. Wahamasishaji wa afya wa mitaa, wale wanaoitwa RECO, wanaitumia juu ya chanjo, malaria na utapiamlo. Na muzazi aliyezoea pumu ya mutoto wake anaweza kumuuliza mwenzake: dawa ingali iko? Mutoto analala mbali na moshi?

Na mutoto akishindwa kusema au kunyonya juu ya kukosa pumzi, ao midomo ikibadilika rangi, hakuna kungoja asubuhi. Apelekwe kituo cha afya mara moja.