HULIPI, HUCHEZI, UNATAZAMA TU: NGOMA YA TABORA ITAPONA KWELI?

Ndugu yako akibahatika kwenda New York au London, siku hizi akirudi hasimulii maghorofa tena. Atakusimulia alivyokwenda kuangalia The Lion King, mchezo wa jukwaani wa nyimbo na ngoma, kisa cha mtoto wa simba aliyeporwa ufalme na baba yake mdogo. Mchezo huo ulianza New York Novemba 1997, ukaingia London mwaka 1999, na ukiacha kipindi kile cha korona haujashuka jukwaani. New York peke yake umeshaoneshwa zaidi ya mara 10,000. Si mchezo!

Na tiketi? Shika kiti kwanza. Kuvuka dola 100 kwa kichwa kimoja ni jambo la kawaida. Mtu anatoa, anakaa, anapiga makofi, anarudi nyumbani roho kwatu. Mwakani anakwenda tena, na safari hii anachukua na watoto.

Kinachochekesha ni kwamba anayelipa hela zote hizo anasikia Kiswahili bila kujua. Simba ni simba. Rafiki ni nyani mganga. Pumbaa ni ngiri, na jina lake ndilo hilo hilo la mtu aliyepumbaa. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi. Fisi mmoja wamempa jina Shenzi, neno ambalo ukimtamkia mtu pale Kanyenye unaweza kula kofi! Usiulize kuhusu "hakuna matata". Kampuni ya Disney ilipeleka maombi ya kulimiliki neno hilo kama alama ya biashara mwaka 1994, ikasajiliwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Watu walikuja kushtuka mwaka 2018, zikaanza kukusanywa sahihi za kulalamika.

Sasa wewe mkazi wa Tabora, ambao mji wenu vijana wameubatiza "Toronto", unasikitika kwamba utaiona wapi The Lion King. Toronto ile ya Canada iliwahi kuwa nayo tangu mwaka 2000 hadi 2004. Toronto hii ya Unyamwezi haijaiona, na pengine haitaiona. Lakini kabla hujaanza kuona wivu, jiulize: onyesho la kwenu limedumu miaka mingapi?

JUKWAA LILIKUWA NJIA

Wanaoisifu The Lion King wanasema utamu wote uko pale mwanzo. Wanyama hawatoki nyuma ya pazia tu, wanapita katikati ya watazamaji: tembo, ndege, swala, wote wanaimba kuelekea jukwaani. Aliyebuni ni mama mmoja, Julie Taymor, na mwaka 1998 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya uongozaji wa mchezo wa nyimbo.

Hongera zake. Lakini mlango huo Tabora waliujua zamani.

Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, Novemba 1857, na aliandika jinsi misafara ilivyotembea. Mbele alikwenda kirongozi, vazi jekundu, ngozi ya mbega mgongoni, manyoya kichwani. Nyuma yake ngoma. Nyuma ya ngoma wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, pembe za ndovu wakielekea pwani, nguo na shanga wakirudi. Anayeongoza anatoa wimbo, mstari mzima unaitikia. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikuwa kama miezi mitatu kwa miguu.

Wakikaribia mji walisimama kwanza. Nguo nzuri zilizofichwa safari nzima zilitolewa, wakajipamba, ndipo wakaingia kwa nyimbo, pembe na milio ya bunduki. Mji mzima ulitoka nje kuwapokea. Mwenye mkufu, mwenye njuga, mwenye kitambaa kipya, kila mmoja alitaka kuonekana. Nani alikuwa mchezaji na nani mtazamaji? Hapakuwa na mstari. Waliotoka kutazama walijikuta wanaitikia.

KINGI, JENERALI NA SEGERE MATATA

Usidhani wapagazi walipokwisha na ngoma ikaisha. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikagusa Kigoma mwaka 1914, na msafara wa miguu ukafa pole pole. Ndipo likaja beni, ngoma iliyozaliwa miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kizungu. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba mpaka bara pamoja na askari na wapagazi. Wachezaji waligawana makundi, Marini kwa Arinoti, wakapeana vyeo: kuna Kingi, kuna Jenerali, kuna madaktari na makarani. Mtu mchana anabeba magunia, jioni ni Jenerali mwenye fimbo na kofia. Kama hiyo siyo maigizo, basi sijui maigizo ni nini!

Baadaye magitaa yakaingia. Miaka ya 50 na 60 Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Wakaja Nyanyembe Jazz, wakaja Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Umeona mambo hayo? Wakati wenzetu hawajaota kuuza fulana za "hakuna matata", Tabora ilishakuwa na matata yake, na watu waliyafuata wenyewe na viatu vyao vya kuchongoka!

Ndani ya Tabora Jazz ndiko alikowika Shem Karenga, kijana aliyetoka Kigoma, mwisho wa njia ile ile ya misafara, na kibao chake cha Dada Asha. Karenga alifariki mwaka 2014. Asha mpaka leo hajazeeka. Pigeni wimbo huo kwenye harusi yoyote uone kina mama watakavyoacha sahani mezani.

CHATU SHINGONI

Halafu kuna ngoma zenyewe za asili. Manyanga, mnaijua. Wachezaji kwenye mstari, manyanga mikononi, mabega yanakwenda, vumbi linapanda. Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo waliifanya Tabora isikike redioni nchi nzima. Na kuna Wayeye, mafundi wa nyoka, chama cha dawa na ngoma kwa pamoja. Mchezaji anaingia uwanjani na chatu shingoni, chatu wa kweli, siyo wa kitambaa. Kule New York simba ni kinyago, hakiumi. Huku kwetu mchezaji akikosea hatua, daktari anaitwa.

Kwa hiyo usidanganyike kwamba wenzetu wana kitu ambacho sisi hatuna. Ukihesabu toka kwa kirongozi yule wa Burton, onyesho la Tabora limevuka miaka 160. Limebadilisha nguo, limebadilisha ala, lakini halijateremka.

HULIPI, HUCHEZI

Tatizo ni moja, na tuambiane ukweli.

Onyesho la New York linadumu kwa sababu watu wanalipa. Wakiacha kulipa, linakufa hata liwe kubwa namna gani. Uliza The Phantom of the Opera. Lilianza Januari 1988, likapigwa mara 13,981, hakuna lililodumu kuliko hilo katika kumbi za Broadway. Aprili 2023 walizima taa. Baada ya korona gharama zilikuwa juu, viti havijai. Mapenzi ya watu yalikuwepo, ila mapenzi peke yake hayalipi umeme.

Onyesho la Tabora lilidumu kwa sababu nyingine: watu walicheza. Hakukuwa na tiketi kwenye msafara. Ulilipa kwa koo lako na miguu yako. Babu alicheza, baba akajifunzia pale pale pembeni, mtoto akapewa njuga.

Sisi wa leo tumeshika njia gani? Kulipa hatutaki: "Ngoma na yenyewe ina kiingilio?" Kucheza tunaona haya: "Mimi mtu wa ofisini nitikise mabega mbele za watu?" Tumebaki katikati, mkono mmoja mfukoni, mkono wa pili umeinua simu. Tunarekodi, tunarusha kwa marafiki, tunaondoka. Mzee aliyecheza jua kali anabaki anajipangusa jasho. Vikundi vinaitwa kupokea wageni wakubwa, vinacheza saa tatu, malipo yake soda na nauli. Halafu tunashangaa kwa nini kijana wake amenunua bodaboda badala ya kurithi manyanga! Kijana hana kosa. Bodaboda inalipa.

Kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kuna COSOTA. Ni vizuri, mtunzi wa wimbo ana pa kushika. Lakini hakuna sheria itakayokutoa wewe kwenye kiti, wala itakayoingiza mkono mfukoni mwako kumtuza mcheza ngoma. Waswahili walishasema, mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema hurekodiwa.

UKIENDA, NENDA HIVI

Siku ukisikia kuna ngoma, iwe harusi ya jirani au sherehe ya kijiji nje ya mji, usiende kama mtalii. Kwanza, vunja noti kubwa nyumbani. Tafuta za elfu moja moja na elfu mbili mbili, maana kutuza ni kuingia uwanjani mara kwa mara. Mbandike mchezaji noti kwenye paji la uso au umtie mkononi, na umtazame usoni ukimpa.

Pili, vaa viatu ambavyo huvionei huruma. Vumbi la Tabora halichagui.

Tatu, uliza maneno ya wimbo kabla. Mzee yeyote aliyekaa pembeni atakufundisha kiitikio, na ukimpatia kikombe cha chai atakupa na historia yake. Hapo umepata tiketi na kitabu kwa bei ya chai.

Nne, nenda na mtoto, umsimamishe mbele anakoweza kuona miguu ya wachezaji. Simu iache mfukoni angalau nyimbo mbili.

Na wakikuvuta uingie, ingia. Utakosea hatua, watu watacheka, utacheka nao. Uhondo wa ngoma uingie ucheze! Ukishindwa kabisa kucheza, basi lipa. Ukishindwa vyote viwili, tafadhali usije mwaka kesho kutuuliza manyanga yamekwenda wapi.