Ucheshi kama Hoja katika Uhakiki wa Michezo ya Video: Majarida ya Uingereza, 1984–1996

Uhakiki wa mchezo wa video una kazi ya kibiashara iliyo wazi: kumsaidia msomaji kuamua iwapo anunue au aache. Hata hivyo, majarida ya michezo ya kompyuta yaliyochapishwa Uingereza katika miaka ya 1980 na 1990 yalisheheni mizaha, kejeli na vijembe kiasi kwamba aya kadhaa zingeweza kupita kabla ya mchezo wenyewe kutajwa. Ni rahisi kuuona ucheshi huo kuwa pambo la kuwafurahisha vijana. Makala haya yanashikilia kwamba, katika mifano yake bora, ucheshi ulikuwa sehemu ya hoja ya mhakiki, na kwamba ukiondolewa, hukumu yenyewe hupungua uzito.

Mazingira ya kiuchumi ndiyo yanayoeleza jambo hili. Jarida la Crash lilianza mwaka 1984 mjini Ludlow chini ya kampuni ya Newsfield, likiwalenga wenye kompyuta ya ZX Spectrum. Mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ilianzisha Zzap!64 kwa ajili ya Commodore 64. Your Sinclair lilichukua jina hilo mwaka 1986, na Amiga Power la kampuni ya Future lilichapishwa kuanzia Mei 1991 hadi Septemba 1996, matoleo 65. Mchezo wa bei nafuu wa Spectrum uliweza kupatikana kwa pauni 1.99, ilhali mchezo mpya wa Amiga ulifikia takriban pauni 25. Kwa kijana anayetegemea fedha za mfukoni, kosa moja la ununuzi lilikuwa hasara ya miezi. Wakati huohuo, kurasa za matangazo zilinunuliwa na kampuni zilezile ambazo michezo yake ilisubiri kuhakikiwa. Mhakiki alikula kwa mwenye mchezo huku akidai kumtetea mnunuzi. Swali la msomaji lilikuwa la haki kabisa: huyu anasema kwa niaba ya nani?

Jibu la kwanza lilikuwa kumpa mhakiki sura. Katika Zzap!64, maoni ya kila mhakiki yaliambatana na kichwa chake kilichochorwa, kikionyesha furaha, mashaka au karaha. Crash lilikwenda mbali zaidi kwa kumbuni Lloyd Mangram, mhariri ambaye hakuwahi kuishi, lakini aliyejibu barua za wasomaji kama mtu mwenye tabia na manung'uniko yake. Kwa njia hii msomaji alizoea watu, akajua nani hupenda nini na nani hukasirishwa na nini, naye akaweza kupima neno la leo kwa maneno ya mwezi uliopita.

Dhana ya utani inasaidia kuufafanua uhusiano huu kuliko nadharia nyingi za ucheshi. Tangu makala ya Radcliffe-Brown ya mwaka 1940, utani umeelezwa kuwa ruhusa ya kuvunja heshima bila kuvunja uhusiano. Mtani husema hata msibani yale ambayo ndugu wa karibu hawezi kuyatamka. Wahakiki waliwatania wasomaji wao, wakajitania wao kwa wao, na wasomaji wakarudisha utani kwa barua. Hapo masharti ya utani yalitimia, kwa kuwa pande zote mbili ziliukubali. Kwa watengenezaji wa michezo hali ilikuwa tofauti. Mhakiki alijitwalia ruhusa ambayo hakupewa, na ugomvi uliojulikana sana kati ya Amiga Power na kampuni ya Team17 unaonyesha kwamba upande wa pili haukujiona kuwa mtani hata kidogo. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kuzungumzia utani kwa msomaji na kejeli kwa bidhaa, ingawa sauti ni moja.

Kejeli hiyo ilifika hadi kwenye alama. Majarida mengi yalitumia asilimia, lakini kwa mazoea mchezo wa kawaida ulipata 70 hivi, na nusu ya chini ya kipimo ikabaki bila kazi. Amiga Power lilisisitiza kwamba wastani ni 50. Lilipoupa mchezo wa International Rugby Challenge asilimia 2, tarakimu hiyo haikuwa tu matokeo ya kupima; ilikuwa chuku. Chuku hiyo ilieleweka kwa sababu jarida lilikuwa limezoea kutumia kipimo chote kwa uaminifu. Katika jarida ambalo kila mchezo hupata 80, asilimia 2 ingeonekana kuwa kosa la uchapaji.

Mfano wa Rise of the Robots, uliotoka mwaka 1994, unadhihirisha jambo hili zaidi. Mchezo huo wa mapigano ulitangazwa kwa nguvu kubwa kutokana na picha zake za roboti, ambazo kwa wakati ule zilishangaza macho. Ndani yake, mchezaji anayecheza peke yake alilazimika kutumia roboti mmoja tu, na wapinzani wengi waliweza kushindwa kwa kurudia teke lilelile la kuruka. Amiga Power liliupa asilimia 5. Nadharia ya ukinzani, inayohusishwa na Kant, huona kicheko pale matarajio makubwa yanapoishia patupu. Hapa ukinzani haukutungwa na mhakiki. Tayari ulikuwapo kati ya tangazo na bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuviweka viwili hivyo bega kwa bega na kumwacha msomaji acheke, kwa maana kicheko hicho tayari kilikuwa hukumu.

Muundo wa ukurasa uliilinda kazi hiyo. Maelezo ya picha katika Your Sinclair yalikuwa uwanja wa mizaha isiyojali sana picha yenyewe, na Amiga Power liliwahi kuandika tahakiki kwa umbo la mazungumzo au tamthilia. Lakini mwishoni palikuwa na kisanduku chenye mazuri, mabaya na uamuzi. Aliyetaka kucheka alisoma juu. Mwenye pauni 25 mkononi alishuka chini. Pale kisanduku kilipotaniwa pia, na ilitokea, mnunuzi aliondoka mikono mitupu.

Udhaifu wa mtindo huu haupaswi kufichwa. Mizaha mingi ilitegemea vipindi vya televisheni vya Uingereza na kumbukumbu za matoleo yaliyopita. Msomaji mgeni alibaki nje ya mlango. Aidha, sauti iliyotawala ilikuwa ya wavulana wakizungumza na wavulana. Kwa mtafiti anayezitafsiri tahakiki hizo kwa Kiswahili, tatizo ni la kimbinu: tafsiri sisisi ya kijembe huhifadhi maneno na kupoteza shabaha. Kinachofaa kutafsiriwa kwanza ni kazi ya kijembe katika hoja, yaani kinamlenga nani na kinathibitisha nini kuhusu mchezo.

Tovuti ya Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, hukusanya alama za wahakiki mbalimbali na kuzigeuza kuwa wastani mmoja. Katika hesabu ya namna hiyo, asilimia 2 ya Amiga Power ingeingia kama tarakimu nyingine yoyote, bila chuku yake.